Maoni ya Watazamaji wa Myamba

Nakiete alinipigia simu Jumatano saa nne asubuhi, nikiwa kwenye mgahawa mmoja hapa Same, nasubiri chai. Aliniamkia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akauliza kama mvua imefika huku tambarare, ndipo akasema mama yake amefariki jana jioni na mazishi ni Ijumaa, kwao Suji. "Nimeona nikwambie, mwalimu, maana ulikaa kwetu." Nikasema pole sana mwanangu, nitakuja. Chai ikaletwa, nikainywa, na chapati zote mbili nikazila. Sisemi hivi ili nionekane jasiri. Nilikaa pale nikisubiri kusikia kitu kifuani, na hakikuja kitu. Nikarudi nyumbani, nikavuta sanduku la bati kutoka uvunguni, nikatoa bahasha ya kaki ambayo imehama nami shule tano bila kufunguliwa. Mke wangu akauliza ni nini hiyo. Nikamwambia ni maoni ya watu kuhusu sinema. Akanitazama tu, akaendelea kuchambua mchele.

Nilizaliwa wapi na nani alinizaa, hayo si ya sura hii. Ya sura hii ni mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa Kifaransa katika sekondari moja huko Myamba, juu kwenye milima ya Same. Ukishangaa Kifaransa kilifuata nini milimani kwenye tangawizi, jua kwamba hata mkuu wa shule alikuwa akishangaa. Nilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja na kamusi moja isiyo na jalada, lakini kichwani mwangu mimi nilikuwa Paris. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, ndipo nikapewa chumba kwa Mama Nakiete, ng'ambo kidogo ya soko. Kilikuwa chumba cha uani, kitanda cha kamba, meza moja, sanduku langu la bati, na dirisha la mbao lililotazama mkeka wa kuanikia tangawizi. Harufu ile iliingia kwenye mashati yangu na haikutoka. Mama Nakiete alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini, na kila Jumamosi aliingia kufagia chumba na kufuta vumbi juu ya sanduku hata nilipomwambia aache. Mumewe alikuwa ameshuka migodini miaka miwili nyuma. Mwaka wa kwanza aliandika barua. Wa pili hakuandika. Jambo hilo halikuzungumzwa mezani, ila kupitia ukutani nilikuwa nasikia Nakiete, mtoto wa miaka tisa, akimwuliza mama yake kama baba anajua kwamba ameingia darasa la tatu, na mama akijibu kwamba anajua.

Tulikula makande, mahindi na maharage ya kuchemshwa pamoja. Nikisema tulikula makande namaanisha Jumatatu, Jumanne, na siku nyingine zote, na mimi, Mpare wa mjini niliyejiona nimeshavuka mambo ya makande, nilikuwa nayasogeza sogeza kwenye bakuli na kusoma kitabu. "Mwalimu," alinitania siku moja, "hayo hayaliwi kwa Kifaransa. Kula." Nakiete akacheka mpaka mahindi yakamtoka puani. Ninalikumbuka sana lile jiko, moshi wake, kigoda kilichopinda mguu mmoja ambacho wageni tu walikalishwa, na mlango uliofunguka nusu kwa sababu nyuma yake palikuwa na gunia. Siku hizi nikikumbuka nyumba hiyo nakumbuka vitu kuliko watu. Nadhani vitu havinidai jibu.

Basi kulikuwa na kituo kimoja cha utamaduni huko Dar es Salaam kilichokuwa kikiazimisha kanda za video kwa shule zinazofundisha Kifaransa. Sharti lao lilikuwa moja: ukirudisha kanda, urudishe na fomu ya maoni ya watazamaji. Nikaandika barua, na baada ya wiki nyingi kanda ikaja Same, nikashuka kuichukua mwenyewe. Ilikuwa filamu ya maisha ya washairi wawili wa Kifaransa wa zamani. Ndani ya kasha mlikuwa na kijikaratasi cha maneno ya wahakiki wa kwao. Mmoja aliisifu sana kwa kuonyesha uhuru wa msanii. Mwingine aliiponda, akasema washairi wale walistahili filamu yenye hasira zaidi. Wa tatu alikuwa na ugomvi na rangi ya bahari. Nilikisoma kijikaratasi hicho kitandani mara nyingi hata kikachanika kwenye mikunjo, nikapanga kabisa jinsi ambavyo watu wa Myamba nao watazungumzia uhuru wa msanii.

Jenereta, televisheni na mashine ya video vilitoka Same kwa lori. Lori likanasa kwenye tope chini ya kilima cha mwisho, na mwenyekiti wa kijiji akaitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu huitiwa barabara na mifereji. Ilikuwa mara ya kwanza watu kutoka na majembe na kamba kwa ajili ya ushairi. Jumapili baada ya ibada ukumbi wa kanisa ukajaa, madirisha tukayaziba kwa mablanketi, watoto wakakaa chini mbele, wazee kwenye mabenchi. Katikati ya benchi la kwanza alikaa Mzee Elieza. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa mume wa Mama Nakiete, mkubwa wa ukoo, na tena mwenyekiti wa bodi ya shule yetu. Alivaa koti lake la sufu na kuweka kofia gotini. Mimi nilisimama kando ya televisheni na fimbo ya ubaoni, nikitafsiri kwa sauti.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mshairi mmoja ana mke na mtoto mchanga Paris. Anakuja mshairi wa pili, kijana, wanasomeana mashairi, wanakunywa, na asubuhi moja wanaondoka kwa miguu kuelekea baharini ili wakaandike. Saa nzima wanatembea, wanagombana, wanalala kwenye majani makavu, wanaandika. Katikati, kwa dakika kama tatu hivi, tunarudishwa Paris. Ndugu wa yule mume wamekuja na mkokoteni. Wanatoa kabati, wanatoa kitanda, wanatoa kitanda cha mtoto. Mke amekaa kwenye kiti kimoja kilichobaki, mtoto mikononi, na mwanaume mmoja amesimama mbele yake kwa adabu, anasubiri ainuke ili kiti nacho kitoke. Anainuka. Kisha tunarudi baharini. Mwishoni mshairi anakufa, anajengewa sanamu, watu wanavua kofia. Kijikaratasi cha wahakiki hakikumtaja yule mke hata kwa neno moja, na mimi, niseme ukweli, sikuliona pengo hilo.

Nilipozima mashine nikafungua fomu. Swali la kwanza lilikuwa: watazamaji wameguswa na nini katika ushairi wa mashujaa hawa? Bibi mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, yule mama alirudishiwa vitu vyake?" Nikamjibu kwamba filamu haisemi. "Haisemi kwa nini?" Nikasema filamu ni ya washairi. "Washairi tumewaona," akasema, "wametembea, wamechoka. Mimi nauliza vitu." Basi hapo mambo yakanitoka mkononi. Wanatusema kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na mimi sibishi. Ndani ya robo saa ukumbi ulikuwa baraza. Wakataka kujua mahari ililipwa au haikulipwa. Wakataka kujua kabati lilinunuliwa na nani. Mzee mmoja akamtetea mume, kwamba alikwenda kutafuta na kila mtu hutafuta kwa namna yake, akaulizwa alichotafuta kiko wapi. Nikajaribu kuwarudisha kwenye bahari, kwenye yale maneno mazuri ya pale ufukweni, na fundi seremala mmoja akaniambia kwa upole, "Mwalimu, maneno ni mazuri, lakini yule mwanaume kasimama kusubiri kiti. Umemwona?"

Mwishowe Mzee Elieza akasimama. Alizungumza polepole kama anayeamua kesi ya kweli. "Mwanamke aliyeachwa ndani ya nyumba hahamishwi kwenye nyumba hiyo. Aliyeondoka ndiye aliyehama. Ndugu waliobeba kitanda cha mtoto wamekosa, na walipe. Andika, mwalimu." Nikaandika. "Andika na majina yetu. Hatutoi maneno hewani." Kwa hiyo wakapanga mstari, kila mtu akasema lake, nikaliandika kwa namba, na chini wazee wakatia sahihi, na asiyejua kuandika akaweka dole gumba kwa wino wa mhuri wa kanisa. Nilikuwa nimeweka karatasi ya kaboni ili nibaki na nakala. Nilikuwa nimekasirika sana, naandika tu bila kutazama nyuso za waliokuwa wakipita mbele yangu. Zile karatasi za juu nikazituma Dar es Salaam pamoja na kanda, na barua ya kuomba radhi, kwamba watazamaji wa huku bado hawajazoea sanaa. Niliandika hivyo kwa mkono wangu. Nikaikunja nakala kwenye bahasha ya kaki, nikaitupia kwenye sanduku.

Miezi minne ilipita. Tangawizi ilichimbwa, ikaanikwa, ikauzwa. Mimi nilikuwa nimeomba nafasi ya masomo ya Kifaransa Dar es Salaam, na fomu yangu ilikuwa imejazwa yote ila sahihi ya mwenyekiti wa bodi, ambaye alisema niende kwake Jumatatu. Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu, mchana, ukoo ukakaa uani kwa Mama Nakiete. Nilitaka kuondoka, wakaniambia nikae, mwalimu si mgeni. Barua ilikuwa imefika kutoka kwa mume. Alikuwa na mke mwingine huko chini na watoto wawili wa kiume, na alitaka kuwaleta mlimani, kwenye nyumba na kwenye shamba. Mzee Elieza akaisoma kwa sauti na kuikunja. "Mama," alimwambia, "hujatupwa. Una kwenu Suji. Ndugu zako wapo. Mtoto wa kike utakwenda naye kwanza, mambo yake tutayaangalia baadaye." Wengine wakatazama chini. Mama Nakiete alikuwa amekaa kwenye kile kigoda cha wageni, kilichopinda mguu, sijui nani alimpa au alikichukua mwenyewe.

"Shemeji," akasema, "mimi sina maneno mengi. Maneno ninayo yenu. Mliyasema kanisani, mwalimu akayaandika, na wewe ukatia sahihi." Akanigeukia. "Mwalimu, naomba ile karatasi ya sinema."

Mtu mmoja akacheka. Nikimsimulia kisa hiki mtu asiye wa kwetu, naye hucheka hapo hapo: mwanamke anapeleka uhakiki wa filamu kama ushahidi wa nyumba. Lakini Mzee Elieza hakucheka. Alivua kofia, akaiweka gotini kama siku ile ukumbini, na uso wake ukabadilika. Kwetu sahihi ni sahihi, hata ukiitia juu ya kesi ya Wafaransa. "Kama ipo," akasema akinitazama, "isomwe." Sijui hadi leo kama ingemwokoa. Najua tu kwamba alisema isomwe, na kwamba karatasi ilikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa, ndani ya sanduku, na kwamba nilifikiria Jumatatu. Sikufikiria kwa muda mrefu. Watu hudhani mtu akifanya jambo la namna hii hupambana na nafsi yake. Mimi sikupambana. Nilisema, "Ile karatasi ilikwenda Dar es Salaam," na wala haikuwa uongo kamili, nikahisi kwamba nimejibu swali vizuri.

Mama Nakiete alinitazama. Alikuwa ameshafuta lile sanduku Jumamosi ngapi, na mara kwa mara lilikuwa wazi, na ile bahasha juu yake ilikuwa na mwandiko wangu mkubwa wa ubaoni: Maoni ya Watazamaji wa Myamba. Alijua kusoma. Angeweza kuinuka akaenda kuileta, au akasema tu, iko ndani, mwalimu anaficha. Alisema, "Haya." Basi. Neno moja. Akainuka kwenye kigoda akaingia ndani kufunga mizigo, na kikao kikaisha.

Mimi nikaingia chumbani kwangu, nikakaa juu ya sanduku. Nikasikia wanawake wakija, sauti za chini, sufuria zikifungwa kwenye kanga. Nikasikia Nakiete akiuliza kama atarudi kufanya mtihani. Jua lilikuwa limeanza kuinama walipotoka. Mama Nakiete akapita dirishani pangu na furushi kichwani, hakusimama, akasema, "Mwalimu, makande yako yako jikoni. Nimeyafunika." Nilisubiri mpaka nyayo zikapotea, nikaenda jikoni, nikayala. Jumatatu Mzee Elieza alitia sahihi fomu yangu bila kuniambia kitu na bila kunitazama. Nikaenda Dar es Salaam. Nikarudi na cheti. Nikafundisha Kifaransa miaka mingi, nikapendwa na wanafunzi, na filamu zile nilizionyesha nyingine nyingi, ila fomu za maoni nilizijaza mwenyewe. Mzee Elieza alikufa, yule mume alikufa, nyumba sijui ina nani. Na moyo wangu katika jambo hili ni kama mguu ulioukalia ukafa ganzi: unajua ni wako, unaugusa, hausikii. Sikuwahi kwenda Suji. Ni karibu tu, watu huenda na kurudi.

Ijumaa nilikwenda. Mazishi yalikuwa ya kawaida ya Walutheri, nyimbo, wasifu mfupi wa marehemu, udongo, maua. Katika wasifu walisema aliishi Myamba miaka kadhaa kisha akarejea nyumbani, na mara wakapita kwenda kwenye kwaya ya akina mama. Nilimimina udongo wangu kama wengine. Baadaye watu walipotawanyika kula, Nakiete akanikuta nimekaa peke yangu nyuma ya jiko. Sasa ni mwanamke wa makamo, muuguzi, na urefu ni ule ule wa mama yake. "Shikamoo, mwalimu. Umekuja kweli." Nikaitikia marahaba. Nilikuwa nimeandaa maneno, niliyaandaa siku mbili. Badala yake nikampa ile bahasha. Nikamwambia, "Hii nilikuwa nayo. Siku ile nilikuwa nayo."

Hakushtuka. Aliifungua, akakaa kwenye benchi kando yangu, akasoma kwa sauti ya chini, kwa kuwa kaboni ilikuwa imefifia akaisogeza kwenye mwanga. Namba moja, yule bibi wa vitu. Namba nne, fundi seremala, na kile kiti. Maneno ya Mzee Elieza aliyasoma mara mbili, na jina lake lilivyosainiwa. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu. Kisha akashuka chini zaidi, akasema, "Kumbe na mama yumo." Nikasema hapana, mama yako hakusema kitu siku ile. "Yumo, mwalimu. Ni mwandiko wako." Akasoma: "Namba kumi na saba. Mama Nakiete. Hana maoni. Anauliza tu yule mama na mtoto wake walilala wapi siku ile."

Nilichukua karatasi nikaitazama mwenyewe. Ilikuwa pale. Alipita mbele yangu kwenye mstari, aliuliza, nikaandika, na sikumsikia. Na hata baada ya wao kutoka na furushi, miaka yote hii, sikuwahi kujiuliza hilo ambalo nililiandika kwa mkono wangu. Nikamwuliza Nakiete sasa, nusu ya maisha baadaye, kwa sauti ambayo haikuwa yangu. "Ninyi mlilala wapi?"

"Sokoni," akasema. "Pale pale Myamba, kwenye vibanda, juu ya magunia ya tangawizi. Mimi nilitaka twende tu, mjomba alikuwa anatungoja Mhezi, tungefika kabla ya giza. Mama akakataa. Akasema tusiende mbali, mwalimu anaweza kuja na karatasi."

Alisema bila ubaya wowote, kama anayetaja jambo la hali ya hewa. Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha kwenye bahasha, akaniuliza kama nitakula sasa, makande yapo, au nisubiri wali. Nikasema makande. Aliponiletea bakuli mikono yangu haikuweza kulishika, na Nakiete akaniangalia mara moja, akaketi tena kando yangu, akanishikia bakuli mpaka nikaweza.